Kitendo Huja Mwisho

Kitabu kilifika Wete kwa posta, Jumanne,
kimefungwa karatasi ngumu,
stempu yake ndege mwenye shingo ndefu,
na Bi Chumu akanitumia mjukuu:
"Mwite yule aliyekuwa Kiwengwa, anayejua Kidachi."

Najua, ndiyo.
Miaka kumi na mmoja nilitandika vitanda vyao.
Najua shuka, najua yai la dakika nne,
najua "maji ya bomba usinywe"
na "kesho haitanyesha",
uongo aliotufundisha meneja.
Kidachi cha mataulo.
Sasa nimeketishwa mkekani, Limbani,
na riwaya ya kurasa mia tatu iliyopewa tuzo,
na mama mtu kanikodolea mdomo
kama asubiriye daktari asome kipimo.

"Anza na hiyo tuzo."

Jina lake refu, Bi Chumu. Maneno yao hushikana
kama mabehewa, na sisi Pemba hatuna reli.
Hutolewa kila mwaka kwa mwenye kuandika kwa lugha yao.
Wameketi watu saba, wamesoma, wamebishana,
mmoja, gazeti linasema, alitoka nje kwa hasira akarudi,
wakamchagua Raya.

"Raya wangu? Aliyekuwa akipigwa skuli kwa mwandiko?"
Raya wako.
"Wamempa nini?"
Fedha. Cheti. Shada la maua.
"Maua. Na baridi ile."

Kisha akataka nisome penye yeye.
Nani kamwambia yumo, sijui. Yumo,
ukurasa wa arubaini na moja.

Lugha hii, nikamweleza, ina subira ngumu:
itakutajia mtu, itakutajia mahali, saa, mawingu,
rangi ya koti la nahodha,
na kitendo itakificha mpaka kwenye nukta.
Unangoja kama mlangoni pa kadhi.

"Soma."

Mama yangu, asubuhi ile, gatini Mkoani,
mbele ya ndugu zangu wote na masanduku yao, kuniaga ...

Nikanyamaza. Jicho langu lilikwishafika.

"Kuniaga nini? Mama alifanya nini?"

Ningeweza kusema alilia. Alinikumbatia.
Limbani nzima nani angenisuta?
Kiwengwa nilidanganya kwa bakshishi ndogo zaidi.

Hakuja, nikasema.

Mjukuu akaacha kuchezea kamba ya kifurushi.
Bi Chumu akavaa miwani, sikio moja limefungwa uzi,
akanichukulia kitabu,
akakitazama kama fundi atazamavyo
nguo iliyoshonwa na mwingine kwa kitambaa chake.

"Mstari gani?"
Nikamwekea kidole.
Akaukwaruza kwa ukucha, taratibu,
kama mtu anayejaribu doa kama litatoka.

"Na kwa hili ndilo wakampa maua?"
Kwa hili, na mengine mengi.

"Nilikuwa nimekula yamini sitakwenda.
Alinisikia, mtaa mzima ulinisikia."

Akageukia ukurasa, si mimi,
akauambia polepole, neno baada ya neno,
yeye asiyejua hata salamu ya Kidachi:

"Mimi, asubuhi ile, gatini Mkoani,
nyuma ya magunia ya mbata,
na kanga ya kuazima nisijulikane,
na mkate wake wa kumimina ungali moto kifuani,
nilikuwapo."

Nikatoa kalamu. Nimwandikie, Bi Chumu?
Kidachi cha hivyo nakiweza, ni sentensi moja tu.

Akakifunga kitabu. Akakiweka kabatini
juu ya vyeti vya kuzaliwa na risiti za karafuu,
akafunga, ufunguo akautia pembeni mwa kanga.

"Usimwandikie," akasema.
"Wasije wakamnyang'anya."

Ile karatasi ngumu akampa mjukuu
ajalidie daftari la hesabu.
Stempu nikaiomba mimi.